Ringi ya baiskeli ya mbio ikipasuka: usome ufa kabla ya kwenda dukani

Ringi ya alumini haipasuki bila sababu. Mahali ulipotokea ufa panakuonyesha kilichouleta, na asiyejua kilichouleta atafunga ringi mpya leo, msimu wa mvua upite, halafu aukute ufa mwingine palepale. Kwa hiyo tutaanza na dalili, tutafute chanzo, ndipo tufike kwenye kununua. Ninawaandikia hasa wenzangu tunaoendesha Dodoma na barabara zinazotoka hapa: ya Morogoro, ya Singida, ya Iringa kupitia Mtera, na ile ya Kondoa hadi Babati. Baiskeli zetu nyingi za mbio zimekuja kwa mtumba, breki zake zinabana ringi, na zimepita mikono ya watu ambao hatutawajua kamwe.

Kabla ya yote, hili silegezi: ringi ya alumini yenye ufa haichomelewi wala haizibwi kwa gundi ya chuma. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye ringi za chuma za Phoenix, zile baiskeli za mizigo. Ile ukiigonga inanyooka, ikipasuka inachomelewa, na kesho yake inabeba gunia la mkaa hadi Majengo. Hawakosei, kwa chuma ile. Alumini ya ringi za mbio ni kitu kingine: ugumu wake umetokana na kupashwa moto na kupozwa kiwandani kwa utaratibu maalumu. Moto wa kuchomelea unaufuta ugumu huo, na sehemu iliyo jirani na weldi inabaki laini kuliko ilivyokuwa kabla ya kupasuka. Gundi nayo inauficha ufa machoni, lakini mzigo wa spoki unaendelea kuuvuta chini yake.

Ukiugundua ufa ukiwa njiani

Angalia kwanza ni gurudumu lipi na ufa uko wapi. Ukiwa kwenye ukuta wa ringi, pale raba za breki zinapobana, shuka hapohapo, iwe mbele au nyuma. Toa upepo taratibu, fungua breki, kokota baiskeli hadi kituoni na upande basi au bajaji. Ukuta ule unaweza kufunguka ghafla, tairi likatoka, na gurudumu la mbele likijifunga kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa hakuna ustadi wa kuendesha utakaokusaidia.

Ufa mdogo kwenye tundu moja la spoki gurudumu la nyuma unakupa nafasi kidogo. Legeza spoki ya tundu hilo robo mbili tatu za mzunguko, legeza breki ya nyuma ili raba zisiguse, punguza upepo kiasi, kisha endesha polepole ukiwa umekaa, bila kusimama juu ya pedali. Hiyo ni ya kufika nyumbani tu. Kwenye gurudumu la mbele mimi siipendekezi hata kwa mwendo mfupi.

Dalili: inalia "tik, tik" ukikanyaga kwa nguvu

Mlio huu una wasingiziwa wengi, kwa hiyo uwatoe mmoja mmoja. Vali ndefu ikigonga ukingo wa tundu lake hulia mara moja kila mzunguko hata gurudumu likizungushwa kwa mkono. Izungushie kipande cha utepe usikie kama mlio unakoma. Spoki zinazosuguana pale zinapopishana hunyamaza kwa tone la oili. Kiungo cha ringi, yaani pale ncha mbili za ringi zilipokutanishwa kiwandani, kwenye ringi za bei ya chini hushikwa kwa pini bila kuchomelewa. Pini ikilegea hulia, na ukipapasa kwenye njia ya breki, yaani pale raba zinapobana, utasikia kijingazi.

Mlio ukitokea tu unaposimama juu ya pedali, na unatoka nyuma, lala chini na tochi uangalie matundu ya spoki za upande wa mnyororo. Upande huo ndio unaoanza kupasuka mara nyingi, na kuna sababu. Kwa kuwa kaseti, yaani rundo la giya za nyuma, inachukua nafasi, spoki za upande wa giya husimama wima zaidi kuliko za upande wa pili, na ili ringi ikae katikati ni lazima zivutwe kwa nguvu zaidi. Za upande wa pili hubaki na karibu nusu hadi asilimia 60 ya mvuto huo. Kila mzunguko spoki hulegea kidogo inapopita chini kwenye lami na kukaza tena inapopanda, na alumini inayokazwa na kuachiwa maelfu kwa maelfu ya mara mwishowe huchoka.

Ufa wa aina hii huanza kama mstari mwembamba unaotoka kwenye tundu na kufuata mzingo wa ringi, au vijistari viwili vitatu vinavyotawanyika. Ukiwa umekomaa, utaona alumini imeinuka kuizunguka nati ya spoki, kwa sababu nati inataka kuchomoka.

Sasa hesabu matundu yaliyopasuka. Mengi yakiwa upande mmoja, chanzo ni ama spoki zilikazwa kupita kiasi au ringi imefika mwisho wa maisha yake. Likiwa tundu moja tu, nenda mbele zaidi: gusa spoki yake ulinganishe na jirani zake za upande uleule. Mara nyingi utakuta imekaza mno. Hapo ringi ilipinda zamani kwenye shimo, na badala ya kubadilishwa ikavutwa kwa spoki moja mpaka ikaonekana imenyooka. Macho yalidanganyika lakini tundu lile lilikuwa linabeba mzigo wa matundu matatu.

Dalili: gurudumu linanyooshwa, linarudi kupiga nane

Umelipeleka kwa fundi Jumamosi, likatoka limenyooka; Jumatano linayumba tena, na ni palepale. Spoki ikilegea yenyewe mara kwa mara, kuna uwezekano wa mambo mawili. La kwanza, spoki zote ziko chini ya mvuto unaotakiwa, hivyo nati zinajizungusha kwa mtikisiko. Hapo dawa ni kukaza gurudumu zima kwa usawa. La pili, nati inazama ndani ya ringi kwa sababu tundu limepasuka. Utalitambua hili la pili ukikaza: spoki inakubali, unaizungusha nusu, inakubali tena, na mvuto hauongezeki. Acha kukaza hapo. Vua tairi, toa utepe wa ringi, umulike tundu kutokea ndani.

Ukishavua tairi, usikimbilie kulirudisha. Angalia pia kama kuna unga mweupe kuzunguka nati. Ni kutu ya alumini, na visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Anayeosha baiskeli kwa maji hayo na kuiacha ikaukie juani bila kuifuta anaacha chumvi kwenye kila tundu. Nati zikishagandishwa na kutu hiyo, fundi akijaribu kunyoosha anazikunja spoki badala ya kuzikaza.

Dalili: breki inashika na kuachia kila mzunguko

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo Dodoma inapozila ringi zetu.

Breki ikishika kwa mpigo, zungusha gurudumu taratibu huku umeipapasa njia ya breki kwa kidole gumba upande mmoja na cha shahada upande wa pili. Kidole kikipanda jingazi jembamba mahali pamoja, hicho ni kiungo cha ringi. Ukingo ukiwa umebonyea upande mmoja au zote mbili sehemu ileile, na pale juu ringi imeshuka, ni kipigo cha shimo au tuta. Lakini ukuta ukiwa umevimba kwenda nje kwa urefu wa kidole au zaidi, na njia ya breki imechimbika, hilo ndilo la kutisha kuliko yote: ukuta umelika mpaka umekuwa mwembamba, na upepo wa tairi unausukuma utoke.

Vumbi letu lina mchanga. Kiangazi linapeperushwa na upepo na kutua kwenye ringi. Mvua za Desemba hadi Aprili zikifika, linageuka tope linalobanwa kati ya raba na alumini, na hapo kila ukibana breki unaipiga ringi msasa. Vipande vidogo vya alumini hung'oka na kukwama kwenye raba, na vyenyewe vinaendelea kukwangua. Vua raba za breki zako leo uzigeuze kwenye mwanga. Ukiona vinukta vinavyong'aa, ni ringi yako hiyo. Vichokoe kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, kisha sugua uso wa raba kwenye sakafu ya saruji mpaka uwe mpya. Kazi hii ni ya dakika chache, na sijui nyingine inayoongeza maisha ya ringi kuliko hiyo.

Kupima ulaji kuna njia kadhaa. Ringi nyingi za kisasa zina alama: kitundu kidogo kisichotoboka au mfereji mwembamba kwenye njia ya breki. Alama ikifutika, ringi imekwisha, hata kama inang'aa. Isiyokuwa na alama, weka ukingo wa rula wima kwenye njia ya breki. Mwanga ukipita katikati, ukuta umechimbika. Mwenye kipimo cha veniya afanye hivi: kata vipande viwili vifupi vya spoki ya milimita 2, kimoja ukiweke ndani ya ukuta chini ya mdomo wa ringi, kingine nje, bana vyote pamoja kwa veniya, kisha toa milimita 4. Kinachobaki ni unene wa ukuta. Ukuta mpya huwa karibu na milimita 1.5, ukikaribia 1, anza kutafuta ringi nyingine, ukishuka chini ya hapo, usiendeshe.

Kumbuka pia kwamba ukuta uliolika haungoji mteremko. Mara nyingi hupasuka wakati wa kujaza upepo, au baiskeli ikiwa imeegeshwa juani. Tairi lililojazwa psi 100 alfajiri kwa nyuzi 25 za joto, likikaa juani mpaka hewa ya ndani ifike nyuzi 50, hupanda hadi karibu psi 110 bila mtu kuligusa. Tuegeshe kivulini. Na ukijaza ringi usiyoiamini, usiinamishe uso juu yake.

Dalili: pancha zisizokwisha

Dodoma pancha si habari, mbigili zipo kila ukingo wa barabara. Ila toa tyubu uangalie tundu liko upande gani. Likiwa upande unaogusa tairi, ni mwiba. Tafuta ncha yake kwenye tairi kabla ya kurudisha tyubu. Matundu mawili madogo yanayokaa sambamba ni tyubu iliyobanwa kati ya tairi na ringi kwenye shimo, na hapo mulika ringi sehemu hiyohiyo, kwani kipigo kilichotoboa tyubu kimeigonga na ringi. Tundu likiwa upande unaogusa ringi, linganisha na mahali pa vali ujue lilikuwa wapi. Pengine utepe wa ringi umesogea na tyubu imeingia kwenye tundu la spoki, badilisha utepe. Pengine ni ufa kwenye sakafu ya ringi chini ya utepe, ambao hujauona kwa sababu nje hakuna alama.

Ufa unaoanzia tundu la vali huja mara nyingi kwa waliolipanua tundu kwa drili. Vali nyembamba ya mbio huhitaji tundu la milimita 6.5, vali nene ya aina ya gari huhitaji 8.5. Kwenye ringi nyembamba ya mbio, kupanua ni kuondoa alumini pale isipopaswa kuondolewa. Kinyume chake hakina shida: ringi yenye tundu pana unaiwekea kipete cha kupunguza.

Mkwaruzo au ufa? Jaribu kwa chaki

Ukucha hautoshi kila mara. Njia ya zamani ya karakana hugharimu karibu na bure. Safisha sehemu unayoishuku kwa spiriti, iache ikauke. Pakaza mafuta ya taa kwa pamba, subiri robo saa yaingie ndani, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka uso usiwe na unyevu wowote. Sugua chaki nyeupe juu yake, au ipakaze ikiwa imesagwa. Mkwaruzo wa kawaida unabaki mweupe. Ufa unarudisha mafuta uliyoyameza, na ndani ya dakika chache mstari mwembamba wa kijivu unajichora kwenye chaki, wakati mwingine mrefu mara mbili ya ule uliouona kwa macho. Ukimaliza, osha njia ya breki kwa sabuni kisha spiriti zaidi ya mara moja. Mafuta ya taa yakibaki hapo, breki haishiki.

Mwenye ringi za kaboni: chaki haikuhusu. Gonga mzunguko mzima kwa sarafu usikilize. Sauti ikibadilika kutoka kali kuwa butu mahali fulani, tabaka za ndani zimeachana. Na za mtumba za breki ya kubana sinunui wala simshauri mtu, kwa kuwa joto la breki kwenye mteremko mrefu huziharibu kwa ndani na hakuna wa kukuambia zilipita wapi.

Kuchagua ringi nyingine: 28 si 28

Sasa nenda dukani, lakini nenda na namba sahihi. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee. Ringi namba 28 zipo?"

"Marahaba. Zipo, ya mbele na ya nyuma."

Anakushushia kutoka kwenye msumari ringi ya chuma inayong'aa. Hajakudanganya: ni 28 ya Phoenix. Ila kipenyo chake pale tairi linapokaa ni milimita 635, na 28 ya baiskeli ya mbio, inayoandikwa 700C, ni milimita 622. Ukiifunga kwenye uma wako, njia ya breki itakaa milimita sita na nusu juu ya ilipokuwa, na hata hivyo ukuta wake haukutengenezwa kwa breki ya kubana pembeni. Tairi lako halitaingia kabisa.

Kwa hiyo sahau inchi, uliza namba ya milimita. Imeandikwa ubavuni mwa tairi, kwa mfano 25-622 au 28-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo, na hiyo ya pili ndiyo isiyosamehe. Baiskeli za mbio za zamani zinazokuja kwa mtumba zinaweza kuwa 630, zile zilizoandikwa 27 x 1 1/4. Baiskeli za Kijapani za kikapu zenye 26 x 1 3/8 ni 590, na za milimani za 26 ni 559. Usikubali tairi la 630 kwenye ringi ya 622 kwa kuwa "limeingia vizuri": limeingia kwa sababu limepwaya, na ukijaza upepo linaruka.

Mwenye baiskeli ya 630 anayeshindwa kupata ringi yake anaweza kuhamia 622, ambayo matairi yake ni rahisi kupata. Njia ya breki itashuka milimita 4. Angalia kwanza kama tundu refu la kushikia raba kwenye mkono wa breki lina nafasi ya kushuka hivyo. Ikiwa raba tayari ziko chini kabisa, utahitaji breki yenye mikono mirefu zaidi.

Halafu hesabu spoki. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya matundu 32 inataka ringi ya 32, hakuna ujanja. Baiskeli za mbio huwa na 28, 32 au 36 kwa kawaida, lakini magurudumu ya kiwanda yana hata 20 na 24. Nikiulizwa na mtu mwenye kilo 80 na zaidi, au anayebeba mizigo nyuma, namwambia 32 au 36, ringi ya kuta mbili (yaani yenye sakafu mbili, ya nje na ya ndani), yenye vipete vya chuma kwenye matundu ya spoki kama zinapatikana. Vipete husambaza mzigo wa nati kwenye eneo kubwa. Itakuwa nzito kwa gramu kadhaa, na gramu hizo hutazijutia ukikutana na matuta.

Angalia pia kwamba ringi ina njia ya breki. Ringi zilizotengenezwa kwa ajili ya breki za diski zina ubavu uliopakwa rangi au wenye mzingo, na hazina unene wa kusuguliwa. Madukani huchanganywa, na muuzaji anaweza kukuambia rangi itatoka yenyewe. Itatoka kweli, na ukuta utaifuata.

Upana wa ndani wa ringi za zamani ulikuwa milimita 13 hadi 15. Siku hizi 17, 19 na 21 ni kawaida. Kwa barabara zetu ningechukua 17 au 19 na tairi la 28, mradi fremu, uma na breki vina nafasi. Tairi pana linaruhusu upepo mdogo: mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 28 hana haja ya psi 110, 75 hadi 85 zinamtosha, na shimo linapigwa na tairi kabla ya kupigwa na ringi. Ukiuziwa ringi isiyo na mdomo wa kushikia tairi kwa ndani, iache kama hujui tairi lako limeruhusiwa kwa ringi hizo. Kikomo chake ni bar 5, karibu psi 72.5, na tairi la kawaida linaweza kuchomoka.

Ringi peke yake au gurudumu zima?

Habu ikiwa nzuri, gololi zinazunguka bila kukwama, na una fundi anayejua kusuka spoki, nunua ringi peke yake. Upate ambayo kipenyo chake cha kukalia nati kinalingana na cha zamani. Tofauti isizidi milimita 2, nawe unaweza kutumia spoki zilezile kama hazijakunjika wala kulika kwenye shingo. Kipenyo hicho kinapimwa kwa kuingiza spoki mbili zenye nati kwenye matundu yanayotazamana na kupima umbali kati ya vichwa vya nati kwa ndani. Tofauti ikizidi hapo, spoki za zamani zitakuwa ndefu mno au fupi mno, na itabidi ununue seti mpya. Nati nunua mpya kila mara, ni kitu kidogo.

Ukiamua gurudumu zima la nyuma, pima nafasi kati ya ncha za fremu kwa ndani. Fremu za mbio za breki ya kubana kwa kawaida ni milimita 130. Za zamani za giya sita au saba ni 126. Za diski ni 135 au 142. Kisha kaseti. Habu ya Shimano ya giya 8 hadi 10 haipokei kaseti ya barabara ya giya 11, ila habu ya 11 inapokea ya 8, 9 na 10 ukiweka pete ya milimita 1.85 nyuma yake. Habu za Campagnolo zina meno tofauti kabisa. Na kama yako ni ya zamani yenye friwili ya kusokotwa, yaani giya zinazofungwa kwa uzi kwenye habu, kaseti haiingii humo.

Dodoma mjini ringi za Phoenix na za milimani utazikuta. Ya 622 yenye njia ya breki huenda ukaiagiza Kariakoo. Usimwambie wa huko "ringi ya baiskeli ya mbio". Mtumie picha ya maandishi ya tairi lako, ya ringi ya zamani na ya habu, umwandikie idadi ya spoki na aina ya vali, na umwombe akupigie picha ya kibandiko cha anayokutumia kabla hajaipeleka stendi. Ya mtumba ikifika, fanya jaribio la chaki kabla ya kuilipia yote. Ilaze mezani palipo sawa uone kama inagusa pande zote.

Kufunga bila kurudisha tatizo

Ringi mbili zikiwa na kipenyo kimoja, zifunge pamoja kwa utepe, vali kwa vali, halafu hamisha spoki moja moja kutoka ya zamani kwenda mpya. Tone la oili kwenye uzi wa spoki na kwenye tundu la ringi linasaidia nati kuzunguka bila kuisokota spoki. Kaza kidogo kidogo ukizunguka gurudumu zima, robo mzunguko kila spoki, usikimbilie kunyoosha mapema.

Mvuto wa spoki za upande wa giya kwenye ringi nyingi ni kilo 100 hadi 120, lakini kikomo ni kile alichoandika mtengenezaji wa ringi. Asiye na kipimo atumie sikio: gonga spoki za upande mmoja zote, sauti zikaribiane. Moja ikipiga juu sana kuliko wenzake, ndiyo itakayopasua tundu mwakani. Ukimaliza, shika spoki mbili mbili zilizo sambamba uzibane kwa viganja kwa nguvu, mzunguko mzima; zikilia, ni kwamba zinajinyoosha kutoka kwenye msokoto. Nyoosha tena, rudia mpaka zinyamaze.

Mwambie fundi kabla hajaanza, kwa heshima yake: "Fundi, hii si chuma, naomba zisikazwe kama za Phoenix." Fundi mzuri hachukii kuambiwa hivyo.

Baada ya safari mbili tatu za kwanza, kagua mvuto tena, kisha mulika matundu ya upande wa mnyororo kila unapobadilisha raba za breki.

Ringi ya zamani ikate kwa msumeno kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa na kufungwa kwenye baiskeli ya mtoto wa mtu. Utakapoikata, tazama unene wa ukuta pale njia ya breki ilipo, ulinganishe na unene wa chini yake ambako raba haikufika.